Ng'ombe wa Bi Time Hakuwa na Shetani

Katika Pemba hii, tangu Gando mpaka mwisho wa kusini, hajatokea dereva wa gari la ng'ombe aliyenipita mimi, Faki wa Ole. Nalisema mapema ili wasionijua wanijue, na walionijua wasipoteze wakati wao kubisha. Nimezaliwa Mapinduzi yamekwisha kuwa. Shule niliishia darasa la nne. Babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu za watu na alipokufa hakuacha hata panga. Mimi nilianza kwa kichwa changu hiki, nikibeba magunia ya karafuu mbichi kutoka mashambani kuyapeleka zinakoanikwa, na nimemaliza nikiwa na magari matatu ya ng'ombe yaliyo yangu na nyumba ya matofali ambayo mvua haijui njia ya kuingilia. Aliyenipa hayupo.

Sasa mgongo umekataa. Umri wa kuitwa mzee sijaufika vizuri, lakini daktari kaniambia nichague, kazi au miguu. Nimechagua miguu. Nakaa barazani kwangu, na nyinyi vijana wa pikipiki za matairi matatu mnapita mbele yangu mmepakia mihogo mpaka gurudumu la mbele linanyanyuka, mnapiga honi kama barabara mmeirithi. Nyinyi ndio ninaowaandikia. Najua mtasema, gari lake lilikuwa na ng'ombe, letu lina injini, atatufunza nini huyu. Nisomeni mpaka mwisho halafu ndio mseme.

Tuanze na kupakia, maana hapo ndipo wengi wenu mnapojiaibisha. Gari la matairi mawili lina kweli yake. Mzigo ukikaa nyuma sana, ule mti mrefu wa mbele unanyanyuka na nira inamkaba ng'ombe koo. Ukikaa mbele sana, uzito wote unamlalia shingoni. Ukishapakia, kabla ya kumfunga ng'ombe, shika mti kwa mkono mmoja uunyanyue. Ukiweza kuushikilia huku unamjibu mtu salamu bila kukunja uso, basi mzigo umekaa. Ukikunja uso, pakua uanze upya. Nimeona watu wazima wakiona tabu kupakua, wakampiga ng'ombe maili tatu kwa kosa la mikono yao.

Hilo la kunyanyua mti nilifunzwa na mwanamke ambaye hajapanda gari la ng'ombe hata siku moja. Alikuwa Bi Time wa Pujini. Mumewe alikuwa na gari, naye alimtazama mumewe akipakia kwa miaka mingi, basi akajua. Mume alipofariki alimwachia gari moja na ng'ombe dume mmoja mwekundu mwenye kipaji cha uso kipana, anaitwa Nyundo. Bi Time alikuwa akitafuta mtu wa kuliendesha, mimi nilikuwa natafuta gari la kuendesha. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nimeoa miaka michache nyuma, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko cha Nyundo. Tukapatana: mimi niendeshe, kinachopatikana tugawane.

Nyundo alikuwa ng'ombe wa pekee. Anajua njia ya Chake, anajua njia ya Ole, ukilala juu ya gari anakufikisha. Na mimi nikaanza kumpiga. Hakuwa na kosa. Nilimpiga kwa sababu nilivyoona mimi dereva bila bakora si dereva, na bakora isiyotumika ni kijiti tu. Nikipita mbele ya watu ndio nampiga zaidi, wapate kuona nani mkubwa. Naandika hili mkono ukiwa mzito, lakini nimeahidi nafsi yangu kwamba nitaandika.

Kisha nikafanya jambo la pili, ambalo Mpemba tu ndiye angeweza kulifanya.

Mnaujua mchezo wa ng'ombe. Baada ya mavuno ya mpunga, zumari inalia, wanawake wanaimba, ng'ombe kafungwa kamba ndefu, na vijana wanaingia mmoja mmoja na nguo au gunia kumchokoza amfukuze. Mwaka ule pale Pujini ng'ombe waliotolewa walikuwa wavivu, wanakimbilia kula majani. Watu wakaanza kuzomea. Mimi nikasimama nikasema, mimi ninaye ng'ombe. Sikumuomba Bi Time ruhusa. Alikuwa kenda mazikoni Wete, nikaona mpaka arudi mchezo utakuwa umekwisha. Nilimtoa Nyundo bandani, nikamfunga kamba, nikachukua kanga nyekundu ya mke wangu Raya nikaingia uwanjani.

Mara ya kwanza Nyundo alinitazama tu, maana ananijua. Nikampiga kofi puani. Mara ya pili akaja, nikaruka. Mara ya tatu akaja kweli kweli, nikaruka kwa nyuma huku kanga inampitia machoni, na uwanja mzima ukaita jina langu. Faki, Faki, Faki. Sijapata kusikia kitu kitamu kama kile. Nilirudi nyumbani kifua kiko mbele, mimi niko nyuma yake.

Siku mbili baadaye nikaenda kumfunga gari. Nilipoingia bandani na nira begani, Nyundo aliinamisha pembe. Mimi nikidhani ananikumbuka kama bwana wake. Kwake yeye mimi nilikuwa ile nguo.

Kuanzia siku ile kazi ikaharibika. Nguo yoyote inayopepea, Nyundo anaifuata. Kanga zilizoanikwa uani anaziingilia na gari nyuma yake. Tukiteremka mteremko wa Ole na mihogo ya watu, mwanamke mmoja akajifunga mtandio vizuri upepo usimvue, basi, gari likalala ubavu, mti ukavunjika, mihogo ikaenda mpaka bondeni. Na mimi kila likitokea jambo natafuta wa kumlaumu. Nililaumu barabara, nikalaumu upepo, nikalaumu wanawake kwa kuvaa nguo. Nikasema ng'ombe kaingiwa na shetani, nikenda kwa mtu akaniandikia hirizi, nikaifunga kwenye pembe. Asubuhi hirizi haipo, Nyundo kaila pamoja na uzi wake. Kilichobaki ni bakora, na bakora niliiongeza.

Bi Time akaniita. Alikuwa amekaa kizingitini anamenya mihogo, hakunitazama.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Ng'ombe wangu mzima?"

"Mzima, ila kaingiwa na shetani."

"Mume wangu kamlea tangu hajaota pembe, hatukumuona na shetani. Kamuingia lini?"

"Hapa karibuni."

"Karibuni lini? Kabla hujampeleka ngomani, au baada?"

Pujini hakuna siri, ningelijua hilo.

"Ng'ombe wangu hana shetani, Faki. Kama yupo, basi kapanda juu ya gari na kashika bakora." Akaendelea kumenya. "Sasa sikiliza. Ng'ombe asiyevuta na anayetoa watu roho simfugi. Sikukuu ya kuchinja ya Mfunguo Tatu ikifika hajavuta mzigo kwa salama, namchinja, nyama nawapa watu. Na gari nalivunja nipikie. Weye utarudi kubeba kwa kichwa."

Vijana, hapo kaniambia mambo mawili kwa pumzi moja: Nyundo atakufa, na mimi nitarudi pale nilipotoka. Sikukuu ilikuwa imebaki siku arubaini na kidogo.

"Nitamnyoosha, Bi Time. Nipe wiki moja."

"Humnyooshi. Nipe hiyo bakora."

"Ya nini?"

"Nifukuzie kunguru kwenye makopa yangu, mihogo niliyoanika. Weye utakuja kila asubuhi, umletee majani, umsafishie banda, ukae. Ukiona huna cha kumwambia kizuri, nyamaza."

Niliondoka nimevimba. Mimi Faki nikae na ng'ombe kama mjane aliye edani? Lakini asubuhi nilikwenda, maana kazi nyengine sikuwa nayo.

Siku za mwanzo nilikaa mlangoni nikinung'unika. Siku ya nne au ya tano nikaona kitu. Ngozi ya bega la Nyundo ilikuwa ikitikisika, kama vile ng'ombe anavyofukuza nzi. Nikatazama, nzi hakuna. Nikakaa kimya, ngozi ikatulia. Nikakohoa, ikatikisika. Nikasema neno moja tu, "Wee," mikono mitupu, bakora iko kwa kunguru, na bega lote likaruka kana kwamba nimeshampiga. Nikafanya mara tatu, kwa kujaribu. Kila nikitoa sauti, bega linapokea fimbo ambayo haipo.

Nililichukulia kama jambo la ng'ombe. Nikarudi nyumbani baada ya alasiri. Raya alikuwa kanipa mgongo, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikaita kama ninavyoita siku zote, "Raya, maji."

Mabega yake yakapanda mpaka masikioni, kisha yakashuka. Akainuka, akaniletea maji.

Sikuyanywa. Nilikuwa nimeyanywa maji yale miaka saba.

"Raya," nikamwambia, "mimi nikikuita unaogopa?"

"Sikuogopi."

"Mbona unashtuka?"

"Sishtuki. Nangoja tu."

"Unangoja nini?"

"Kujua leo karudi Faki yupi."

Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Akarudi kwenye nazi yake. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi na ile bilauri mkononi. Mtu aliyeitwa jina lake na uwanja mzima, nyumbani kwake kuna mtu mmoja tu, na huyo anangoja kujua karudi yupi. Mimi nilikuwa nimekusudia kumbadilisha ng'ombe. Jioni ile nikajua kwamba ng'ombe hana cha kubadilisha, alichojifunza kakijifunza kwangu.

Kusema ni rahisi. Kubadilika kwenyewe ni kazi ya mikono kama kazi nyengine, na hapa ndipo ninapojisifu, kwa sababu mimi kazi ya mikono naiweza. Nilianza na sauti. Nilikwenda peke yangu katikati ya shamba la mihogo nikajifunza kusema taratibu. "Njoo. Simama. Haya twende." Nilirudia mpaka koo likasahau kupiga kelele. Bwana mmoja dereva mwenzangu, Juma Kombo, alinifuma huko.

"Yakhe Faki, wasema na nani?"

"Na mihogo."

"Yajibu?"

"Yanisikiliza. Ndiyo tofauti yake na weye."

Kutwa ile habari ilikuwa imeshafika Ole, kwamba Faki kapata wazimu. Aliponikuta bandani nimekaa na Nyundo, Juma aliniuliza mwaposana lini, na mahari nani anamlipa mwenzake. Faki wa zamani angemtoa meno. Nilimwambia tutampelekea barua ya mwaliko. Ndani yangu nilikuwa nawaka, msidhani nilikuwa walii. Lakini niliona bega la Nyundo limetulia, nikajua moto umebaki ndani haukutoka, na moto usiotoka unakufa kwa kukosa kuni.

Nikaanza kupiga hodi bandani. Ndiyo, kwa ng'ombe. Nasimama nje nasema "Hodi, Nyundo," nangoja, ndio naingia. Nyinyi chekeni. Mnyama akijua unakuja vipi, hana haja ya kujitayarisha kwa vita. Na nyumbani nikaanza kupiga hodi vile vile. Raya mara ya kwanza alitoka nje kuona mgeni nani.

Sasa sikilizeni la nira, hili ndilo la ufundi wenyewe. Wiki ya tatu nilikuwa naweza kumshika Nyundo popote, lakini akiiona nira anarudi nyuma. Zamani ningesema ukaidi. Safari hii nikajiuliza, kama mimi ningekuwa yeye, ningekataa kwa nini? Nikaichukua nira nikajivika mwenyewe shingoni, nikaufunga mti, nikavuta gari tupu kuzunguka ua wa Bi Time. Watoto walikusanyika, Bi Time akaacha kazi akatazama. Hatua ya kumi nikahisi kitu kinanichoma nyuma ya shingo. Nikaivua. Upande wa ndani wa nira palikuwa na fundo gumu kama kokwa ya embe, limetoka baada ya mti wake kulika. Nikenda kumpapasa Nyundo mahali hapo hapo, chini ya manyoya, pana kidonda kikavu chenye tabaka. Kumbe kila alipoikataa nira nilimpiga kwa kosa la fundo.

Nililikwangua kwa kigae cha chupa mpaka likawa laini, nikapaka mafuta ya nazi, kidonda nikakiosha kila siku. Toka siku ile mpaka nimestaafu, sijamvika mnyama nira ambayo sikujivika mimi kwanza. Na leo pale Ole na Pujini mkiona dereva kajivika nira na watu wanapita hawacheki, jueni hiyo desturi imetoka wapi. Imetoka kwangu.

Siku arubaini zikaisha. Siku ya Arafa, asubuhi, nilipofika Pujini nilimkuta Bi Time kasimama uani, na mchinjaji kakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa.

"Mfunge gari," Bi Time akaniambia. "Nenda Chake uniletee mchele na tende za sikukuu. Ukirudi kabla ya alasiri, na ng'ombe na mzigo na watu wote salama, tutasema. Usiporudi, huyu hapa anangoja."

Aliichagua siku hiyo makusudi. Arafa, njia ya Chake imejaa watu na nguo mpya. Kila mlango kitambaa kinapepea, kila mtoto kashika kitu chekundu. Sikupanda juu ya gari. Nilitembea begani kwa Nyundo, mkono wangu juu ya ngozi yake, nikisema naye njia nzima. Penye kanga nyingi nilimsimamisha nikangoja mpaka pumzi zake zishuke, na kumbe zangu ndizo zilizotakiwa zishuke mwanzo, maana zangu zikitulia na zake zinafuata. Chake tulifika. Nikapakia, nikanyanyua mti kwa mkono mmoja, nikamjibu mwenye duka salamu, uso wangu mkunjufu. Tukarudi.

Tulibakisha mlima mmoja tu. Hapo nikamkuta Juma Kombo na wenziwe wamekaa kando ya njia. Juma aliponiona akainuka, akavua shuka la begani, akaingia katikati ya barabara akalikung'uta.

"Hebu tumuone shujaa wa ngoma. Njoo, Nyundo, njoo kwa mjomba."

Nilisikia ngozi ya Nyundo inaruka chini ya kiganja changu. Na kiganja changu nacho kinaruka, hata sijui nani kamuanza mwenzake. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na nyuma ya neno ngumi. Nikakumbuka kile kisu cha mchinjaji kwenye kitambaa, nikaona kwamba nikilitoa neno lile tu, nimemchinja Nyundo mimi mwenyewe, hapa barabarani.

Nikaiteremsha pumzi. Nikamwambia ng'ombe, "Simama." Akasimama, pembe zimeinama, lakini kasimama.

"Juma," nikasema, kwa ile sauti ya shamba la mihogo, "mlima huu mkali na mchele ni wa Bi Time. Kamata nyuma hapo unisaidie kusukuma."

Alibaki na shuka mkononi. Wenziwe wakamtazama yeye, hawakunitazama mimi. Ni jambo gumu sana kumchokoza mtu ambaye kakuomba msaada kwa adabu, jaribuni mtaona. Akalikunja lile shuka, akalitia kwapani, akapita nyuma ya gari. Nikasema, "Haya, twende." Nyundo akatia kifua, Juma akasukuma, tukapanda.

Juu kabisa Juma akapangusa jasho. "Yakhe, umemfanya nini huyu?"

"Sikumfanya kitu. Njoo kesho kutwa nikuoneshe nilichojifanya mimi."

Akaja, mjue. Na baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wengi wanasingizia wanakuja kuazima kamba. Sikumhubiria mtu hata mmoja. Nilikuwa nawapa nira wajivike. Leo nikisikia watu wanalalamika dunia imeharibika, madereva hawana adabu, vijana hawasikii, mimi huwauliza wao nyumbani wanaitaje maji. Bakora katika njia zetu zilipungua kwa sababu mtu mmoja aliinyamazisha yake, na mtu huyo ndiye huyu anayewaandikia, na sioni sababu ya kuona haya kulisema.

Lakini siku ile ya Arafa hayo yote yalikuwa bado. Tuliingia uani kwa Bi Time jua halijapinda sana. Mchinjaji akainuka. Bi Time alilizunguka gari mara moja, akahesabu vikapu vya tende, akampapasa Nyundo shingoni penye kidonda, pamepona, akatia mkono chini ya nira akaupitisha wote, polepole, kama anayetafuta kitu asichokiona.

"Mbuzi yuko nyuma ya nyumba," akamwambia mchinjaji. "Mweupe. Kamfunge kwa kesho."

Kisha akanigeukia. Nilikuwa nangoja sifa, nakiri, kifua kilikuwa kimeshaanza kutoka.

"Ng'ombe kapona," akasema. "Weye bado. Ila unaelekea. Kesho ukisali, njoo na mkeo mle."

"Ndiyo, Bi Time," nikasema. Kwa ajili ya safari sikufunga Arafa ile, lakini jua lilikuwa limenichoma tangu asubuhi na sikuwa nimetia hata tone la maji mdomoni. Nilimfungua Nyundo nira, nikajaza ndoo, nikamshikia mpaka akamaliza, ndipo nikachota yangu.